Kilo za Kiti cha Kumi na Nne

Kambi ya Majaribio
2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii inakuja na lori la mahitaji, ambalo hutoka hapa kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo usianze kuhesabu siku za kimya changu kama ulivyofanya Desemba. Simu zetu bado zinafungiwa getini. Wakubwa wanasema ni kwa sababu ya sumaku za treni. Mwenzangu Fundi Breki anasema ni kwa sababu ya midomo yetu. Hata ningekuwa nayo, wewe na simu mnajuana: miaka thelathini na mmoja umesimama juu ya injini ya boti, na kila nikikupigia unanijibu swali ambalo sikuliuliza.

Nina ombi, na safari hii ni la kazi. Treni imekamilika. Nimekwisha kukueleza kwamba haina magurudumu wala dereva, kwamba inaelea juu ya njia yake kwa kimo cha kidole kimoja, nawe hukuniamini. Sasa, kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kupanda, lazima tuijaribu ikiwa imejaa. Kila kiti kitawekwa mfuko wa mchanga wenye uzito wa mtu. Msimamizi alitaka mifuko yote iwe kilo sabini na tano. Nikanyanyuka kikaoni, mimi ambaye huwa siongei, nikasema watu hawako hivyo, wanene huwa wanakaa pamoja kwa sababu wamekuja pamoja, na mama mwenye mtoto mgongoni hakai katikati ya kiti. Wakanigeukia wote. Ilikuwa sauti yako, Baba, ila imetoka mdomoni mwangu.

Msimamizi akasema haya, kila mmoja alete uzito wa kweli wa watu anaowajua. Wenzangu wamekaa wanakuna vichwa. Mimi nina baba ambaye gati zima linamwita Mizani.

Nitumie watu wako. Na wewe mwenyewe uwemo.

Jana, nikiwa kwenye banda la mifuko, nilikumbuka ulivyokuwa hung'oi nanga mpaka nikae kwenye omo, pale kwenye ncha ya mbele kabisa. Nilikuwa na miaka sita. Boti imejaa, injini inanguruma, na wewe kule nyuma kwenye usukani unapaza sauti: "Bado kilo kumi na tisa!" Abiria wote wanageuka kunisubiri. Napita katikati ya magoti yao na mkoba wa shule kifuani, nakaa, nashika ubao kwa mikono miwili, ndipo tunaondoka. Niliamini mpaka darasa la tano kwamba bila mimi boti ingepinduka. Siku moja niliugua homa nikabaki nyumbani, nikalia mpaka Mama akanibeba hadi dirishani kunionyesha kwamba boti imefika ng'ambo salama. Hakujua kwamba hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Msalimie Shangazi. Mwambie asifue koti lako la turubai kwa maji ya moto tena.

Wako,
Kumi na Tisa

*

Gatini
17 Februari

Mwanangu Kumi na Tisa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha shangazi yako akaisoma kwa sauti kana kwamba mimi sijui kusoma. Kuhusu koti anasema maji yalikuwa vuguvugu.

Watu wako hawa hapa. Mwalimu mkuu mstaafu ni tisini na mbili. Mwenyewe atakuambia themanini na mbili. Usimsikilize, boti hulala upande wake kabla hajakaa vizuri. Karani wa tiketi ni hamsini na nane pamoja na redio yake, maana haiachi. Muuza sabuni ni sitini na nne, lakini ongeza mbili. Nadhani ana mimba na bado hajamwambia mumewe, kwa hiyo na wewe nyamaza. Mshonaji alikuwa sabini na moja mwaka jana, halafu ndani ya mwezi mmoja nikamwona amefika sitini na sita. Nilimkatalia kupanda. Nikamwambia, leo huendi popote, nenda kliniki kwanza. Walimkuta na sukari. Sasa yuko sitini na tisa na hanisalimii, ananidai chai yake tamu.

Watoto wa shule weka ishirini na tano kila mmoja, ila wale mapacha weka thelathini, wanakula kama wanalipwa.

Shangazi yako amekataa kuandikwa. Nilipomkazia macho nimkadirie, akajikinga na beseni. Amesema uzito wake ataujua muumba wake na mshona nguo zake.

Mimi weka sabini na nane, kama siku zote.

Mama Mkwe hajambo. Wameniuliza vijana wa bandari kubwa kwa nini tunaiita boti hivyo, nikawaambia ni kwa sababu huwezi kuiharakisha, huwezi kuijibu, na ukiisahau wiki moja inakununia. Jumamosi ilizimika katikati ya maji. Mwalimu mkuu akaanza kutoa hotuba juu ya utunzaji wa mali ya umma. Nikamwambia akitaka tufike ahamie kulia.

Kula vizuri. Usiniletee habari za kukonda.

Baba yako,
Mizani

*

Kambi ya Majaribio
3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Watu wako wamefika wote na wameketi.

Tuna chumba cha kupimia, kirefu, chenye taa nyeupe na sakafu ya saruji inayofagiliwa kila saa ili punje zisiingie kwenye mizani. Mashine inamimina mchanga, inasimama, inamimina tena kidogo. Kisha mfuko unashonwa mdomo na kuandikwa uzito kwa chaki. Baada ya siku mbili watu wakaanza kuandika na majina ya utani. Fundi Breki ameleta mama mkwe wake wa kweli, kilo mia na nne, akaomba awekwe behewa la mwisho, mbali na lake.

Mfuko wako nimeujaza mwenyewe kwa koleo dogo. Sikutaka mashine. Sabini na nane kamili. Nilipofika sabini na saba na nusu niliweka koleo chini, nikaongeza kwa kiganja, kidogo kidogo, kama mtu anayelisha mgonjwa. Nimekuweka kiti cha kumi na nne, upande wa kushoto, dirishani. Kwenye chaki nimeandika MIZANI. Msimamizi akauliza kama huyo ni mtu au kifaa, nikamwambia vyote.

Kuna jambo naliogopa kuliandika. Njia ya treni itavuka maji pale pale kwenu. Nguzo utakuwa umeziona. Safari inayomchukua Mama Mkwe saa moja na dakika kumi, hii itaimaliza kwa dakika mbili. Hakuna atakayesubiri boti tena, Baba. Nalijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa kazi hii, na kila barua niliyokuandikia nililiruka. Nikija utanikemea uso kwa uso, maana nimepata likizo ya siku kumi kuanzia tarehe kumi na mbili Aprili. Nimekwisha kuijaza fomu.

Wako,
Kumi na Tisa

*

Gatini
19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nikukemee kwa lipi? Boti ni chombo, si mtoto. Mimi mtoto wangu ninaye, yuko huko anashona mifuko.

Ila Aprili usije. Mama Mkwe anapandishwa nchi kavu mwezi mzima, mbao za chini zimeoza na lazima zibadilishwe. Utafika ng'ambo ukwame, uje kuzunguka kwa barabara siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, likizo yote iishie kwenye vumbi. Na mimi mwenyewe nitakuwa kule kwenye chelezo, boti zinakotengenezwa, tangu asubuhi nikigombana na maseremala. Tutaonana saa ngapi? Maliza kazi yako. Siku ya ufunguzi nitakuja mimi, nikae kwenye hicho kiti changu, umtoe huyo wa mchanga.

Nina swali moja na nataka unijibu kitaalamu. Hiyo treni ikijaa upande mmoja, nani anawaambia watu wasogee?

Nauliza kwa sababu mimi mtu akikanyaga ubao wa kupandia namtazama miguu, halafu mabega, halafu uso. Si kwa ubaya, ndiyo kazi. Lakini ukimtazama mtu kila siku kwa miaka, unajua amelala vipi. Unajua nani amefiwa kabla hajasema. Basi nikawa najiuliza, kwenu huko mlangoni atasimama nani?

Shangazi yako anakusalimu. Amesema umwekee kiti lakini mfuko uwe mtupu.

Baba yako,
Mizani

*

Kambi ya Majaribio
5 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema. Fundi Breki alikuwa amenyimwa likizo na mkewe amejifungua mtoto wa kwanza, kwa hiyo nilikwenda kwa Msimamizi nikaomba siku zangu kumi apewe yeye. Fundi Breki alinishika mikono yote miwili. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu. Chumba changu ni kontena lenye dirisha moja, nilikuwa nimekwisha kutoa sanduku chini ya kitanda. Nikalirudisha.

Nakujibu kitaalamu. Hakuna anayewaambia wasogee. Sumaku zinapima zenyewe, mara elfu kwa sekunde, na kule kulikozidi uzito zinakaza. Abiria hahisi kitu. Mlangoni hatasimama mtu. Niliposoma swali lako nilikwenda kuutazama huo mlango, Baba. Ni mzuri sana, unafunguka bila sauti, na nilikaa mbele yake muda mrefu mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Jumatatu tulikwenda kwa kasi yote kwa mara ya kwanza. Kilomita mia sita kwa saa. Sisi wapimaji wanne tulikaa behewa la pili, mimi nyuma yako kwa viti viwili. Hakukuwa na mlio, ni kama kusukumwa mgongoni na kiganja kikubwa. Nje kila kitu kilikuwa mistari. Mifuko ya watoto iliinamiana kwenye kona, mwalimu mkuu alitoa mchanga kidogo kwenye mshono. Wewe ulitulia. Najua ni mchanga. Lakini nilikuangalia safari nzima, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku sikujisikia mpweke.

Sasa sikiliza. Tarehe kumi na mbili Juni, saa nne asubuhi, tutavuka maji kwa mara ya kwanza. Tutakwenda polepole, kasi ya baiskeli, ili wahandisi wasikilize nguzo. Nitakuwa dirisha la kushoto, linalotazama gati. Simama mahali nitakapokuona.

Mwandiko wako umekuwa mkubwa na umelala. Unaandikia juu ya goti?

Wako,
Kumi na Tisa

*

Gatini
4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kalamu mbovu. Na ndiyo, goti.

Umefanya vizuri kumpa yule kijana likizo. Mtoto wa kwanza haji mara mbili.

Tarehe kumi na mbili saa nne nitasimama kwenye ncha ya gati. Nitavaa koti la turubai hata kama ni jua kali, ili unijue. Punga mkono mara moja tu, nisichoke kujibu.

Muuza sabuni ni kweli ana mimba. Mumewe alizunguka gati lote akinunulia watu soda.

Niambie, kwenye kiti cha kumi na nne mtu anaona maji, au anaona ukuta wa daraja tu? Nataka kujua kabla.

Baba yako

*

Kambi ya Majaribio
12 Juni, jioni

Baba, Baba, nimekuona.

Sijui nianze wapi. Tulitoka saa tatu na nusu. Nilikuwa nimebana uso kwenye kioo kabla hata nchi kavu haijaisha. Kisha maji yakafunguka chini yetu, na ukuta wa daraja ni mfupi, kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: kutoka kiti cha kumi na nne mtu anaona maji yote, mpaka upande wa pili. Nililiona paa la nyumba yetu. Niliona dirisha la chumba chako liko wazi na pazia limefungwa pembeni. Nilimwona Mama Mkwe amefungwa kwenye gati, mdogo, anatikisika.

Na nikakuona wewe. Koti la turubai, kofia imeshushwa mpaka machoni, umesimama kwenye ncha kabisa kama ulivyoahidi. Nilipunga mkono mara moja. Ukaupunga wako polepole. Nilikuwa nalia huku nacheka, na wenzangu watatu wakawa wanatazama vipimo vyao kwa heshima.

Halafu nikafanya ulichonifundisha. Nikakutazama miguu, kisha mabega. Uso ulikuwa mbali. Nikakukadiria themanini. Umenenepa, Baba. Nilifurahi mno. Nitakwambia ukweli: tangu barua yako ya Mei, ile fupi, nilikuwa na kitu kifuani ambacho sikutaka kukipa jina. Nikaogopa mpaka nikaota. Leo kimeondoka. Mtu mwenye kilo themanini aliyesimama wima juani na koti zito hana tatizo lolote.

Tulitumia dakika tisa kupita mbele ya gati. Sikuondoa macho hata dakika moja.

Msimamizi ananipa likizo Julai. Nitakuja na boti, si na treni. Nataka kukaa kwenye omo nione kama bado natosha.

Wako daima,
Kumi na Tisa

*

Gatini
20 Juni

Mwanangu,

Nakuandikia mimi, shangazi yako. Kaa chini kabla ya kuendelea. Kama umesimama kazini, toka, tafuta mahali ukae.

Baba yako amefariki. Ni Jumamosi, tarehe kumi na tatu, saa kumi na mbili asubuhi, siku moja baada ya treni yenu kupita. Nilipiga simu ya getini kwenu mara tatu, haikupokelewa. Barua hii nampa dereva wa lori mkononi, na nimemwambia akuone kwa macho.

Sasa nitakueleza yote, kwa sababu niliapa kunyamaza wakati yuko hai, na hayupo tena.

Alianza kuugua Januari. Ni uvimbe wa tumboni. Wewe ulipoandika kuomba uzito, alikuwa ametoka kliniki juma hilo hilo. Walimpima sitini na mbili. Alikaa mezani na barua yako, akaandika sabini na nane. Nikamwambia, kaka, mtoto anataka uzito wa kweli. Akasema huo ndio wa kweli, huu wa sasa ni wa ugonjwa. Aprili akawa hamsini na tatu. Mwisho wa Mei walimpima arobaini na sita, na kadi ya kliniki akaifunika kwa kidole gumba nisiione.

Boti hakuipandisha nchi kavu. Hakuna mbao zilizooza. Tangu mwanzo wa Machi alikuwa hashiki usukani, yuko nahodha mpya. Hizo habari za muuza sabuni na soda alikuwa ananiuliza mimi nikirudi sokoni: nani amepanda leo, amekaa wapi, anatembeaje. Halafu anakuandikia.

Utaniuliza kwa nini. Mama yako alipougua uliacha chuo mwaka mzima ukamuuguza, wala hukulalamika hata siku moja. Yeye hilo halikumtoka. Alisema, "Mwaka mmoja nimemwibia, wa pili siibi." Nilimwambia wewe hungeuita wizi. Akaniambia ndiyo maana.

Na sasa lile ambalo sijui utanisameheje.

Siku ile ya tarehe kumi na mbili hakuweza kuinuka. Tangu asubuhi alikuwa anauliza saa. Saa tatu akaniambia, "Vaa koti langu, vaa kofia, nenda kasimame. Asikute gati tupu." Nilikataa. Nikamwambia mimi si mchezaji wa maigizo. Akaniuliza tena saa. Nikavaa. Nilisogeza kitanda mpaka dirishani, nikafunga pazia pembeni, nikampandisha kwenye mito mitatu, ndipo nikaenda. Uliyemwona ni mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyekupungia mkono. Niliinua polepole kwa sababu sikuwa naona vizuri kwa machozi.

Yeye aliiona. Nilirudi nikamkuta bado anatazama, ingawa ilikwisha kupita. Akasema, "Imekaa sawa. Haijalala upande hata kidogo." Alilirudia hilo mpaka jioni. Ndilo lililomfurahisha.

Usiku aliniambia jambo la kukufikishia, nikaliandika nyuma ya kadi ya kliniki nisikosee. Alisema: "Mwambie boti haikuhitaji kilo kumi na tisa. Nilitaka akae ninapomwona." Basi, hivyo tu. Nadhani wewe unaelewa.

Tulimvusha Jumapili kumzika karibu na mama yako. Wanaume wanne walijiandaa kwa ajili ya jeneza, wakakaza miguu wakijua wanamwinua Mizani, na liliponyanyuka lilikuja juu haraka mno, nusura walirushe. Wakatazamana. Mwalimu mkuu akaanza kulia hapo hapo, mtu mzima yule. Mshonaji alisema, "Mimi alinipeleka kliniki kwa kilo tano."

Tulipopakia, nahodha mpya akasema boti imekaa vibaya, nyuma nzito. Hakuna aliyejua ahamie wapi, maana siku zote walikuwa wanaambiwa. Nikaenda nikakaa kwenye omo, pale pako. Boti ikatulia.

Barua yako ya kusema umemwona imefika leo mchana. Niliifungua nikidhani umepata habari. Nimeiweka chini ya mto wake.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini njoo.

Shangazi yako

*

Kambi ya Majaribio
2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Dereva alinikabidhi barua yako jikoni, akakataa kuondoka mpaka nimalize kusoma. Alisimama na kofia mkononi, ndipo nikajua kabla sijafungua.

Siku tano sikuandika kwa sababu kila sentensi niliyoianza ilikuwa na hasira, na sikujua ni kwako, kwake, au kwa yule mpumbavu aliyegawa likizo yake. Naona ni kwa huyo wa tatu. Mtu aliyegundua ugonjwa wa mshonaji kwa kilo tano alinifundisha kutazama tangu nikiwa na miaka sita, nami nikauamini wino. Niliuona mwandiko umelala. Nikauliza kuhusu goti.

Nilikuwa juu ya paa lake dakika tisa, Shangazi. Niliona dirisha. Niliona pazia limefungwa pembeni. Alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa natazama ncha ya gati.

Jana tulikuwa na jaribio la mwisho. Asubuhi niliingia kwenye behewa na mkasi, nikafumua mshono wa mfuko wa kiti cha kumi na nne, nikaanza kuchota. Kilo thelathini na mbili. Nilizimwaga kwenye ndoo, moja baada ya moja. Mfuko ulilegea, ukainama mbele, nikaufunga mkanda wa kiti usianguke. Fundi Breki aliingia akaniona. Alipiga magoti akanisaidia kubeba ndoo, kisha akafuta 78 kwenye chaki kwa kiwiko chake, akanipa chaki niandike mwenyewe.

Msimamizi aliposikia, akasema lazima niandike maelezo, kwa kuwa uzito umebadilika bila idhini. Niliandika: "Abiria amepungua." Alisoma, akaninyooshea karatasi kama anayetaka nirekebishe, kisha akaitia sahihi.

Tukaondoka saa nne kamili. Nilikodolea macho kioo cha vipimo safari nzima, nikingoja. Nilitaka treni iyumbe. Nilitaka taa moja tu iwake. Kilo thelathini na mbili za baba yangu zilikuwa kwenye ndoo chini ya ngazi, na treni ya tani mia mbili haikuhisi kitu. Ilifika kwa sekunde ile ile. Wenzangu walipiga makofi, kwa sababu hilo ndilo tulilolijenga miaka mitano: chombo ambacho hakijali nani amekaa wapi.

Nimeomba kuhamishwa. Si kuacha, hilo asingelipenda. Nimeomba nipangiwe kituo cha gatini, na nimeandika kwamba kituo kinahitaji mtu wa kusimama mlangoni. Msimamizi anasema hakuna kazi kama hiyo kwenye orodha. Nimemwambia aiongeze.

Nakuja tarehe kumi na nane. Nitazunguka kwa lori mpaka ng'ambo, nipite kaburini, halafu nivuke na Mama Mkwe. Mwambie nahodha mpya asing'oe nanga.

Kuhusu koti, sina cha kukusamehe. Ungekataa, ningekuta gati tupu, na yeye angeniona nikilikuta tupu.

Jambo moja tu. Umekataa kuandikwa tangu Februari, lakini mimi nilikukadiria kwa macho yangu kutoka juu ya daraja. Themanini. Nimekujazia mfuko na kukuweka kiti cha kumi na tano, karibu naye, asikae peke yake. Kama nimekosea niambie, nirekebishe kabla sijaondoka.

Wako,
Kumi na Tisa

*

Gatini
10 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nahodha nimemwambia, atasubiri.

Umekosea. Nimekwenda kujipima ghalani, mbele ya karani wa tiketi na redio yake. Mimi ni sabini na nne. Hizo sita ni za koti. Sikuwa nimetoa vitu vyake mifukoni.

Shangazi yako